Aliyeitwa Kwenye Kila Daraja

Je, wewe unayenisikiliza, umewahi kumwona daktari wa upasuaji akiogopa kipande cha nyama?

Daktari Sung Wan-ju hakuwa mwanamke wa kuogopa. Nusu ya umri wake alikuwa ameimaliza chini ya taa za chumba cha upasuaji mjini Tainan. Lakini asubuhi ile ya ukungu, muuguzi alipofungua boksi jeupe, akafungua mfuko wa kwanza, wa pili na wa tatu, daktari alizamisha mikono, akainua kilichokuwemo, akakigeuza chini ya taa. Kisha akakirudisha polepole, akaenda kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Hili si la mtu," alisema.

Lilikuwa ini la nguruwe.

Kitandani alilala Bi. Juan Su-yueh, mwalimu wa chekechea, mama wa watoto wawili. Ngozi yake ilikuwa ya manjano kama iliyopakwa binzari. Tumbo lilikuwa limeshafunguliwa, na mashine ilikuwa inampumulia. Ini lake lilikufa ghafla ndani ya wiki moja, na ini alilokuwa akilingojea, la kijana aliyekufa ubongo huko Puzi, mji wa kaskazini, halikujulikana lilipo.

Inspekta Weng Pi-hsia wa idara ya upelelezi alifika mapema. Alikuwa mfupi, nywele alijikata mwenyewe kwa mkasi wa jikoni, na alikuwa na mazoea ya kunusa vitu kabla hajaulizia habari zake. Nyuma yake alikuja Sajini Liao, mrefu kama mlingoti, mwenye njaa saa zote. Wakiwa bado garini, Inspekta alikuwa ameshatoa amri: barabara zote za kuingia mjini ziwekwe vizuizi, na kila gari lipekuliwe.

Daktari Sung alizungumza nao mlangoni, mikono ameiinua kifuani isiguse kitu.

"Ini lake bovu sijalitoa. Ningelitoa, tungekuwa tunaongea mambo mengine."

"Anaweza kungoja?"

"Leo anaweza. Kesho hana."

"Na hilo lililoibwa?"

"Lilitolewa alfajiri. Likibaki kwenye maji yake na barafu, lina mpaka alasiri. Baada ya hapo hata mkiniletea siliweki ndani ya mtu."

"Maji yake ni maji gani?"

"Yana chumvi zake na sukari zake, kila kimoja kwa kipimo. Tunayapitisha kwenye mishipa mpaka damu yote itoke, ini libaki na rangi ya udongo mkavu. Barafu peke yake ingelivimbisha na kuliharibu. Maji haya yanalituliza. Halili, halikui, halifi. Linalala."

"Kwa hiyo liko hai au limekufa?"

"Ukiniuliza kama daktari, liko hai. Ukiniuliza kama mtu, naomba usiniulize."

Sajini Liao alikuwa anachungulia ndani ya boksi. "Afande, mimi hili nimekunywa supu yake asubuhi hii."

"Ulikunywa ndugu yake. Lete glavu."

Inspekta aliliinamia boksi. Barafu iliyokuwemo haikuwa ile laini ya hospitali. Ilikuwa imesagwa mapandemapande yenye ncha, barafu ya kiwandani. Akanusa. Mtaalamu wa maabara alishachovya karatasi zake za kupimia.

"Maji ya chumvi ya kawaida, afande. Yale ya hospitali hayamo hata tone."

"Hata tone?"

"Hata la dawa."

Inspekta alipiga hesabu. Mwizi wa kuuza viungo angekuwa na maji yake. Mwizi mjinga angeyamwaga ya hospitali. Huyu alilichukua ini pamoja na maji linamolala, kama mtu anayebeba mtoto na blanketi lake. Huyu hakutaka ini life.

Kisha akaona kitu kimeganda upande wa ndani wa kifuniko. Gamba moja, jembamba, la fedha, dogo kama ukucha wa mtoto. Mtu aliyekulia Beimen kama yeye, katikati ya mabwawa ya samaki na mashamba ya chumvi, hahitaji maabara kwa jambo kama hilo.

"Mwatiko," alisema.

Waliolileta boksi walikuwa wawili, na wote wawili walikuwa wamekalishwa katika chumba cha wauguzi. Bi. Fang Shu-chen, mratibu wa uchangiaji viungo, alikuwa na macho mekundu ya kukesha. Dereva wake, Bwana Pai, alikuwa anatazama viatu vyake.

"Boksi liliondoka lini mikononi mwako?" Inspekta alimwuliza Fang.

"Halikuondoka."

"Bi. Fang."

"Nililiweka garini kule Puzi. Nikarudi ndani mara moja kuchukua koti. Dereva alikuwepo."

"Bwana Pai, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo hapo hapo."

"Hapo wapi?"

"Getini."

"Getini kuna nini?"

Dereva alijikuna shingo. "Kuna kibanda cha Babu."

Babu mwenyewe ni mungu wa ardhi ya mtaa ule, sanamu ndogo yenye ndevu. Pai hakuwahi kuondoka Puzi bila kumchomea udi.

"Ini la mtu unaliacha garini ukachome udi?"

"Afande, miaka yote hii nabeba vitu hivi, sijagonga hata kuku. Unadhani ni breki?"

Liao alikohoa kuficha kicheko. Inspekta hakucheka. Alimgeukia Fang.

"Katika familia ya marehemu, nani anauza samaki?"

Fang aliinua uso polepole. "Baba yake. Mzee Hung Chin-shui. Ana kilori cha mwatiko."

"Nieleze."

"Kijana alikuwa Yu-chang. Pikipiki iliteleza kwenye matope. Hakuoa, hana ndugu, mama alishafariki. Walikuwa wamebaki wawili tu. Mzee alikubali bila kutoa chozi. Ila aliuliza sana."

"Aliuliza nini?"

"Kama linasikia baridi. Kama lishakufa. Nikamwambia halijafa, baba, limelala, litalala mpaka alasiri. Akaniomba apande nalo garini. Nikamkatalia. Familia hairuhusiwi kujua kiungo kinapewa nani wala kinakwenda wapi. Ndiyo sheria."

"Alikasirika?"

"Hapana. Aliinama akanishukuru. Hilo ndilo linaloniogopesha."

"Anajua hospitali hii?"

Dereva Pai ndiye aliyejibu. "Jina limeandikwa mlangoni mwa gari, afande. Herufi kubwa hivi."

Mkuu wa upelelezi alipopigiwa simu hakuwa na mashaka. "Baba amebadili mawazo. Anataka amzike mwanawe mzima. Nenda kwake."

Askari wa Puzi walikwenda. Nyumba ilikuwa imefungwa. Wakaenda chumba cha maiti. Yu-chang alikuwa peke yake, na hakuna aliyekuja kumtazama tangu alfajiri.

Inspekta na Liao wakashika barabara ya zamani ya pwani kuelekea kaskazini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mabwawa, na ndani yake zilisikika pangaboi za kuwatilia samaki hewa, zikizunguka bila mtu. Kwenye daraja la Tsengwen, ambalo ndilo la mwisho kabla ya mji, walipita katikati ya kizuizi walichokiagiza wenyewe. Vilori vya samaki vilikuwa vimepanga foleni. Askari walifungua maboksi, wakamwaga barafu na samaki juu ya lami, wakachokoachokoa kwa fimbo.

"Mmezaliwa na mama kweli ninyi?" mwenye kilori mmoja aliwauliza. "Au mlitagwa?"

Daraja lililofuata lilikuwa la mto Chiangchun. Liao alipunguza mwendo kabla hajaambiwa. Kwenye ukingo wa daraja, zikiwa zimelowa umande, ziliganda karatasi za njano zenye doa la dhahabu katikati, zile za kuwatumia wafu. Zilikuwa mpya. Rangi ilikuwa bado haijachuja.

Chini ya daraja alikaa bibi mmoja anabandua chaza, makaa yakimpasha miguu.

"Bibi, umeona kilori cha samaki kikisimama hapa?"

"Vilori ni vingi. Unakitaka cha mtu mmoja au cha watu wawili?"

"Cha mzee aliyetupa karatasi."

"Basi unakitaka cha wawili." Bibi aliingiza kisu kwenye chaza, akakizungusha. "Alisimama pale mwanzo wa daraja, akashusha kioo, akaita. 'Yu-chang, tumefika mtoni, tunavuka daraja, nifuate.' Halafu akavuka taratibu kama aliyebeba mayai. Upande wa pili akaita tena, 'Tumeshavuka.'"

"Huyo wa pili ulimwona?"

"Kiti cha abiria kilifungwa mkanda, binti yangu. Mtu hafungi mkanda kiti kitupu."

Liao alijipangusa mikono ingawa ilikuwa mikavu.

"Alielekea wapi?"

"Kusini. Huko huko mnakotoka."

Inspekta aliita kwa redio vituo vya mbele. Daraja la mto Chishui lilikuwa na karatasi za njano. Daraja la mto Pachang vilevile. Huko mkulima mmoja wa vitunguu saumu alikuwa amesikia sauti ya mwanamume ndani ya ukungu ikimwita mtu avuke, akadhani ni msiba unapita, akavua kofia.

Inspekta alirudi garini, akakaa bila kufunga mlango.

"Liao. Mtu akifia mbali, akiwa anarudishwa kwao, anayemsindikiza hufanya nini kwenye daraja?"

"Anamwambia, afande. Asipoambiwa, roho inabaki upande ule wa mto. Haioni njia."

"Kila mto?"

"Kila mto. Baba yangu mdogo walimsahaulia mito miwili. Mpaka leo shangazi anamwota amelowa."

"Basi huyu mzee hakuiba."

"Sasa amefanya nini?"

"Anapeleka. Alipita njia ya zamani akimwita mwanawe daraja kwa daraja, na anakwenda hospitali ile ile, mlango wa gari ulimwelekeza. Ini la nguruwe ni la kuwapumbaza wale wawili njiani, asifukuzwe kabla hajafika."

"Mbona hajafika?"

Inspekta aliutazama ukungu. Jua lilikuwa limeshapanda juu yake, jeupe kama sahani.

"Kwa sababu mimi nimemfungia daraja," alisema.

Mkuu wa upelelezi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Weng, umekunywa?"

"Chai, mkuu."

"Uondoe kizuizi? Na mwizi akipita?"

"Ndicho ninachokitaka."

"Na asipopita? Mwalimu yule atakufia mikononi."

"Nikiacha kizuizi atanifia vilevile. Tofauti ni kwamba hapo nitakuwa nimemwua mimi."

"Ondoa," mkuu alisema, akakata.

Lakini mtu aliyeogopa harudi barabarani kwa sababu tu njia imefunguliwa. Hana wa kumwambia. Waligeuza gari, wakaenda polepole upande wa kaskazini wa mto Tsengwen, wakichungulia kila njia ya matope iliyoingia mabwawani. Kwenye tuta moja, nyuma ya kibanda cha ibada walichojengewa wafu wasio na jina walioletwa na mto, waliona taa nyekundu za kilori.

Inspekta alishuka peke yake.

Mzee Hung Chin-shui alikaa nyuma ya usukani, mikono yote miwili juu yake, kama bado anaendesha. Mabuti yake yalikuwa na magamba ya samaki. Pembeni yake, juu ya kiti cha abiria, lilikaa boksi jeupe limefungwa mkanda.

"Mzee Hung."

"Nimewaona wakimwaga samaki wa watu barabarani," alisema bila kugeuka. "Nikasema, na yeye watammwaga."

"Niliyewaamuru ni mimi."

Akageuka. "Basi ulikosea, binti."

"Nilikosea. Umefungua ile mifuko?"

"Yule dada aliniambia isifunguliwe. Nimeongeza barafu pembeni tu. Najua barafu."

"Wanalingoja. Kuna mtu tumbo liko wazi."

Mzee alishika mkanda wa boksi. "Mkiondoka naye ninyi, mtamvusha kimya kimya. Mtapiga king'ora. Hatasikia chochote. Madaraja matatu amenifuata vizuri, aje aachwe kwenye la nne? Huu ndio mto mkubwa kuliko yote."

Inspekta Weng alikuwa na sheria mfukoni na pingu kiunoni. Alizifikiria zote mbili. Hazikuchukua muda.

"Boksi litapanda gari langu," alisema, "na wewe utapanda nalo. Darajani king'ora kitazimwa."

"Afande," Liao alinong'ona, "mtuhumiwa na kielelezo katika kiti kimoja..."

"Endesha, Liao."

Walikwenda kwa kasi mpaka mwanzo wa daraja. Hapo Liao akazima king'ora, akapunguza mwendo. Askari walikuwa wameshavuta vyuma pembeni. Wenye vilori walisimama kando ya samaki wao waliomwagwa, na walipomwona mzee amepakata boksi na kioo kimeshushwa, mmoja akatupa sigara, mwingine akavua kofia. Hakuna aliyetukana tena.

"Yu-chang," mzee aliita. Hakupaza sauti. Aliita kama mtu anayemwamsha mtoto aende shule. "Tumefika mto Tsengwen. Daraja ni refu. Usitazame chini. Nifuate."

Ukungu uliingia garini. Walipofika katikati ya daraja, Inspekta aliona kwenye dirisha la upande wa pili wa kiti cha nyuma, ambako hakukuwa na mtu, mvuke ukiganda mahali pamoja tu, duara ndogo, kama ya mdomo uliosogezwa karibu kutazama nje. Ikafifia. Ikaja tena. Huenda ilikuwa baridi ya barafu. Aliinua macho kwenye kioo cha kutazamia nyuma akakutana na macho ya Liao, na wote wawili wakatazama barabara.

"Tumeshavuka," alisema mzee.

King'ora kikalia.

Daktari Sung alipokea boksi mlangoni. Alifungua mfuko wa kwanza, wa pili, akautazama ule wa tatu kwenye mwanga: maji safi, yenye umanjano kidogo, na ndani yake ini laini la rangi ya udongo mkavu. Aliligusa kwa kidole kimoja, akakiacha kidole hapo.

"Ni la mtu," alisema. "Limelala vizuri." Mlango ukafungwa.

Katika chumba cha mahojiano Liao alimletea mzee bakuli la uji wa samaki. Mzee hakuligusa. Inspekta alimsomea haki zake, akaanza.

"Ulibadilishaje?"

"Nilikuwa nimeegesha nyuma ya gari lao. Yule dada akaingia ndani. Dereva akaenda kwa Babu. Dereva yule huwa anaomba sana, namwona kila akija Puzi. Nikafungua, nikahamisha mifuko na barafu yake kwenye boksi langu, nikaweka mingine na barafu yangu. Mikono yangu imezoea barafu tangu utotoni."

"Ini la nguruwe ulilitoa wapi?"

"Sokoni, kabla hakujapambazuka. Nikalitia kwenye maji ya chumvi. Nilitaka uzito tu."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna."

"Uliahidiwa chochote na mtu?"

"Na nani? Mimi mtoto wangu nilishamtoa bure."

"Ulijua kuna mtu anasubiri hilo ini?"

Hapo mzee aliinamisha kichwa. "Nilijua. Kujua nilijua. Ila sikumwona. Nilimwona wangu tu." Alikaa kidogo. "Akifa, mniandikie hilo pia. Sitakataa."

Simu ya Inspekta ikalia. Alisikiliza, akasema asante, akaiweka kifudifudi mezani.

"Wameshalifungulia damu," alisema. "Daktari anasema lilikuwa jeupejeupe, halafu likaanza kubadilika rangi kutoka kingoni, taratibu, mpaka likawa jekundu lote. Sasa linatoa nyongo. Ya dhahabu, anasema. Limeamka."

Mzee Hung aliufunika uso kwa viganja. Liao aliinuka akaenda kutazama dirisha ambalo halikuwa na cha kutazama.

Inspekta alipitia karatasi zake. Maelezo yalikuwa yamekamilika: nafasi, njia, kitendo, kukiri. Mwendesha mashtaka asingehitaji zaidi. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkera kama mwiba wa samaki kooni.

"Mzee. Mwili wa Yu-chang bado uko Puzi. Utarudishwa kwenu, utapelekwa kuzikwa. Huko nako kuna mito. Ungengoja siku ya mazishi ukamwita vizuri, kwa heshima zote, bila kosa lolote. Kwa nini leo? Kwa nini hili boksi?"

Mzee alishusha mikono. Alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Wewe ni mtu wa wapi, binti?"

"Beimen."

"Na unaniuliza hilo?"

Inspekta aliweka kalamu chini. Alikuwa amekumbuka desturi ya kwao.

"Mzazi hamsindikizi mtoto wake," alisema mzee. "Siku hiyo watanipa fimbo, nilichape jeneza, nimwadhibu kwa kosa la kunitangulia. Halafu watanifungia ndani na milango itafungwa, wao watoke naye. Wa kumwita ni wadogo zake, na hana wadogo. Wa kumwita ni wanawe, na hana wana. Atavushwa na watu wa kukodi. Mimi nitakuwa nimekaa chumbani nasikia ngoma zinakwenda. Ndiyo desturi, siilaumu. Baba yangu alikaa hivyo hivyo kwa kaka yangu."

Alilisogeza bakuli la uji pembeni, mikono ikabaki tupu mezani.

"Lakini yule dada aliniambia kwa mdomo wake kwamba lile halijafa. Maji yale yamelilaza tu. Nikawaza usiku kucha: kama halijafa, basi hayo si mazishi. Ni safari. Na kwa safari ya mtoto aliye hai, hakuna desturi inayomzuia baba."

"Kwa hiyo ulitaka nini, mzee? Sema, niandike."

"Nilitaka kumsindikiza mwanangu," alisema Mzee Hung.